Jinsi ya kufuatilia maisha ya nesi wa vita aliyekuja kuwa Lady, kisha diwani

Mwanamke wa Uingereza aliyeuguza majeruhi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaolewa kwenye ukoo wa vyeo, kisha akaingia kwenye halmashauri, huwa ameacha karatasi nyingi nyuma yake. Taabu ni kwamba kila sehemu ya maisha yake imehifadhiwa mahali tofauti, na kwa jina tofauti. Kadi ya unesi inamjua kwa jina la baba yake. Kitabu cha koo za vyeo kinamjua kama mke wa fulani. Muhtasari wa kikao cha halmashauri unamjua kwa cheo tu. Anayeingia kutafuta na jina moja mkononi hutoka na robo ya mtu, na mara nyingi ni ile robo ya harusi na karamu.

Mimi ni nesi mstaafu, na miaka yangu mingi niliimalizia wodi ya wazazi. Ninapomfuatilia mwanamke wa aina hii nina swali moja: je, unesi ulifuatana naye hadi kwenye kiti cha udiwani? Maelekezo yaliyo hapa chini yamepangwa ili ulijibu swali hilo kwa ushahidi. Mfano wangu ni Angela, Countess of Limerick, aliyezaliwa 1897 na kufariki 1981, kwa sababu maisha yake yana sehemu zote tatu na ni mtu anayejulikana hadharani. Mwanamke unayemtafuta wewe huenda hakufika mbali kama yeye, lakini njia ni ileile.

Anza na majina

Kabla hujafungua tovuti yoyote, chora mstari wa miaka kwenye karatasi, na juu yake andika kila jina aliloitwa na mwaka lilipoanza kutumika. Kwa Angela mstari unakwenda hivi. Tangu 1897 ni Miss Angela Olivia Trotter, binti wa Sir Henry Trotter. Mwaka 1926 anaolewa na Edmund Pery, mtoto wa Earl wa Limerick (Earl ni lodi wa cheo cha kurithi) ambaye hakuwa mrithi wa kwanza, na kwa desturi ya Waingereza anaanza kuandikwa the Hon. Mrs Edmund Pery, yaani Mheshimiwa Bibi Edmund Pery. Tazama hapo: jina lake la kwanza limeondoka na nafasi yake imechukuliwa na la mume. Mwaka 1929 kaka wa mumewe, wa baba mmoja na mama mwingine, anafariki bila kuacha mrithi wa kiume, mume anarithi cheo, na Angela anakuwa Countess of Limerick, yaani mke wa Earl. Kwenye magazeti na vikaoni ni Lady Limerick. Mwaka 1967 mumewe anafariki, na kuanzia hapo unaweza kumkuta kama Dowager (yaani mjane) Countess of Limerick, au Angela, Countess of Limerick.

Hapo hatujagusa nishani zake, DBE ya 1946 na GBE ya 1954 (ngazi mbili za Dame katika nishani ya Milki ya Uingereza) na CH ya 1974 (Companion of Honour), ambazo kila moja iliongeza herufi nyuma ya jina. Ziandike pia, kwa sababu zinakusaidia kukisia mwaka wa waraka usio na tarehe. Barua inayomtaja na DBE bila GBE imeandikwa kati ya 1946 na 1954.

Kanuni za neno Lady zishike mapema, zitakuokolea muda mwingi. Ukiona Lady ikifuatiwa na jina la kwanza, kwa mfano Lady Mary Fulani, huyo amezaliwa nacho: baba yake ni Earl, Marquess au Duke. Ukiona Lady ikifuatiwa na jina la ukoo au la cheo moja kwa moja, Lady Fulani, huyo kwa kawaida amekipata kwa ndoa, na mume anaweza kuwa mwenye cheo cha kurithi cha juu, au baroneti (cheo cha kurithi kilicho chini ya lodi), au hata knight ambaye cheo chake kinaishia kwake mwenyewe. Dame ni jambo jingine kabisa: ni heshima aliyopewa yeye kwa kazi yake, na imeanza 1917 ilipoundwa nishani ya Milki ya Uingereza. Nesi aliyeolewa na lodi halafu akapewa DBE huendelea kuitwa Lady, kwa hiyo neno Dame unaweza usilione mahali popote, na ile heshima aliyoitolea jasho ikabaki kwenye herufi tatu za mwisho.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote. Cheo kinarithiwa, kwa hiyo jina la cheo linavaliwa na wanawake kadhaa mmoja baada ya mwingine. Ukitafuta “Countess of Limerick” kwenye magazeti ya 1915 hadi 1918 utapata habari nyingi za kusisimua kuhusu Lady aliyeendesha kantini ya bure kwa askari kwenye stesheni ya London Bridge. Huyo si Angela. Ni May, mke wa Earl wa nne. Ukitafuta tena “Countess of Limerick” pamoja na Msalaba Mwekundu miaka ya 1980 na 1990, utampata mwenyekiti wa British Red Cross. Huyo naye si Angela. Ni Sylvia, mke wa Earl wa sita, aliyefanya kazi kubwa pia kuhusu vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Wanawake watatu, cheo kimoja, na wote watatu walihudumia watu. Ndiyo maana nasisitiza mstari wa miaka: ukiwa nao ukutani, kila taarifa unayookota unauliza kwanza, mwaka huo cheo kilikuwa kwa nani?

Alikuwa nesi wa aina gani?

Swali hili watu wengi hulipita, na hapo ndipo msako unapoharibika. Vita vile vilikuwa na wauguzi wa namna mbili zisizofanana kabisa.

Namna ya kwanza ni manesi wa taaluma, waliosomea hospitalini kwa miaka na kuingia jeshini kupitia QAIMNS, kikosi cha wauguzi wa jeshi kilichoundwa 1902, au akiba yake, au TFNS ya mwaka 1908, kikosi cha wauguzi wa jeshi la akiba la nyumbani. Mafaili yao yako The National Archives, Kew, kwenye mfululizo uitwao WO 399, na ni zaidi ya 15,000. Yatafute kwa jina la ukoo alilokuwa nalo wakati wa utumishi. Ndani ya faili la namna hii utakuta fomu ya maombi, majina ya wadhamini, ripoti za siri za matroni, na kwa aliyeolewa, mara nyingi barua za kuacha kazi kwa ajili ya ndoa. Ripoti za matroni zisome polepole. Matroni mzuri anaandika mistari miwili na mtu mzima anasimama mbele yako.

Namna ya pili ni VAD, yaani wanachama wa vikosi vya kujitolea vilivyoanzishwa 1909 chini ya Msalaba Mwekundu na St John, shirika jingine la huduma ya kwanza. Hawa walikuwa na cheti cha huduma ya kwanza na cha uuguzi wa nyumbani, basi. Wengi walitoka kwenye familia zenye uwezo, kwa sababu wengine walifanya kazi bila malipo, na hata walioajiriwa kwenye hospitali za jeshi walianzia £20 kwa mwaka. Kwa hiyo, kama unamfuatilia msichana aliyekuja kuolewa na watu wa vyeo, uwezekano mkubwa ni kwamba alikuwa VAD. Angela alikuwa VAD.

Kadi za VAD zilihifadhiwa na British Red Cross na sasa zinasomeka bure kwenye tovuti yao. Hebu tuisogelee kadi moja. Juu kuna jina la ukoo, kisha majina mengine, kisha anwani ya nyumbani. Chini yake umri alipojiunga, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, cheo, malipo kama yapo, halafu mahali alipofanya kazi na kazi yenyewe. Usitegemee kukuta kila mara neno uuguzi. Utakuta jikoni, kuosha vyombo, kufua na kutunza mashuka, dereva. Kwa wale wasiolipwa, mara nyingi kuna idadi ya saa. Agatha Christie, yule mwandishi, alikuwa VAD Torquay, na kadi yake ina saa 3,400 za kazi bila malipo kabla hajahamia kwenye chumba cha dawa. Ukiona saa za mtu wako, zigawanye kwa wiki alizokuwepo. Saa nane kwa wiki na saa arobaini na nane kwa wiki ni maisha mawili tofauti, ingawa wasifu wa familia utasema “aliuguza majeruhi” kwa wote wawili.

Mtu mmoja anaweza kuwa na kadi zaidi ya moja, na zote zisome. Kadi ya baadaye wakati mwingine inabeba jina la ndoa, na hiyo ni daraja lako kati ya miss na mrs.

Umri nao uangalie kwa jicho la nesi wa mapokezi. VAD wa kupelekwa nje ya nchi alitakiwa awe na miaka 23. Angela, kwa kuzaliwa 1897, alikuwa hajafikisha umri huo hata vita vilipokwisha. Ukikuta msichana wa rika lake kwenye orodha ya Ufaransa, linganisha umri uliotajwa na cheti cha kuzaliwa kabla hujaandika neno. Wasichana waliojiongezea miaka walikuwepo.

Medali zinasaidia kujua alifika wapi. Medali ya vita ya Uingereza ilihitaji mtu awe ametumikia ng'ambo, hivyo nesi aliyechosha miguu kwa miaka minne kwenye hospitali ya Manchester hakuipata. Kwa hao, Msalaba Mwekundu ulitoa medali yake kwa aliyejitolea saa 1,000 au zaidi. Aliyepewa Royal Red Cross, nishani ya wauguzi iliyoanzishwa na Malkia Victoria 1883, jina lake lilichapwa kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambayo unaweza kuitafuta bure mtandaoni. Jaribu jina la ukoo na herufi za mwanzo tu, kwa sababu mashine iliyosoma kurasa hizo za zamani inakosea sana majina.

Picha pia ni ushahidi, ukijua kuisoma. VAD wa Msalaba Mwekundu alivaa gauni la buluu na aproni nyeupe yenye msalaba kifuani. Wa St John alivaa kijivu. Nesi wa QAIMNS alivaa kikepu cha mabega chekundu chote, na yule wa akiba kikepu cha kijivu chenye ukingo mwekundu. Picha ni nyeusi na nyeupe, ndiyo, lakini filamu za wakati ule ziliufanya wekundu uonekane giza kabisa. Kikepu cheusi chote ni QAIMNS; cheupecheupe chenye ukingo mweusi ni akiba. Na msalaba kwenye aproni utauona mweusi, usishangae.

Kitu kimoja zaidi kuhusu unesi. Rejista ya serikali ya wauguzi ilianza baada ya sheria ya 1919, na nesi namba moja ni Ethel Gordon Fenwick, aliyeipigania kwa miaka mingi. Kama mtu wako alikuwa wa taaluma, mtafute humo: utapata hospitali aliyosomea na miaka. Kama alikuwa VAD tu, usimtafute, maana kazi ya VAD peke yake haikumpa mtu nafasi kwenye rejista. Mimi silitumii hilo kumshusha mtu. Nalitaja ili usije ukaandika “nesi aliyesajiliwa” mahali ambapo hakuna usajili.

Ndoa na cheo

Hapa pita haraka. Vitabu vya koo za vyeo, Burke's hasa, ambacho kimekuwepo tangu 1826, vitakupa tarehe ya ndoa, jina la baba yake, na watoto. Havitakuambia kama alikuwa na kazi. Thibitisha ndoa kwenye faharasa ya serikali ya Uingereza na Wales: tangu robo ya kwanza ya 1912 faharasa ya ndoa inaonyesha jina la ukoo la mwenzi, na tangu robo ya tatu ya 1911 ile ya vizazi inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya ndoa. Kwa ndoa za baada ya hapo huhitaji kubahatisha.

Kama cheo ni cha nchi nyingine, Burke's inaweza isikusaidie. Elsie Knocker, nesi aliyeendesha kituo cha huduma ya kwanza Pervyse pamoja na Mairi Chisholm, karibu kabisa na mahandaki ya Wabelgiji, aliolewa 1916 na baroni wa Kibelgiji na kuwa Baroness de T'Serclaes. Mtu anayemtafuta kwa kupitia vitabu vya lodi wa Kiingereza tu atapoteza wiki nzima.

Sensa zina mashimo unayopaswa kuyajua mapema. Ya 1911 na ya 1921 zinasomeka. Ya 1931 iliteketea kwa moto 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kinachoziba pengo ni rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, iliyohesabu watu kwa ajili ya vitambulisho. Safu ya kazi isome, halafu tazama pembeni kulia, ambako mara nyingi wameandika huduma za vita: VAD, ulinzi wa mashambulizi ya anga, WVS (huduma ya kujitolea ya wanawake). Nimemkuta mke wa baroneti ambaye safu ya kazi yake inasema majukumu ya nyumbani bila malipo, na pembeni, kwa mwandiko mwingine, nesi wa akiba. Maneno hayo ya pembeni yalinifurahisha kuliko ukurasa mzima wa kitabu cha koo. Kwa waliobadilisha jina baadaye, makarani walikata jina la zamani na kuandika jipya juu yake, maana rejista hiyo iliendelea kutumiwa na huduma ya afya kwa miongo.

Kwenye chumba cha halmashauri

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu.

Kwanza jua sheria ilisema nini mwaka aliogombea. Mwaka 1889, kwenye uchaguzi wa kwanza wa London County Council, halmashauri ya kaunti ya London, Lady Sandhurst alichaguliwa Brixton. Mpinzani aliyeshindwa, Beresford Hope, akaenda mahakamani, na mahakama ikaamua kuwa sheria haikumtaja mwanamke, kwa hiyo kura alizopigiwa ni bure. Kiti akapewa mwanaume. Halmashauri za parishi na wilaya zilifunguliwa kwa wanawake 1894. Za kaunti na manispaa zikasubiri mpaka 1907. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa diwani wa kaunti 1920 alikuwa kwenye mlango uliofunguliwa miaka 13 tu nyuma, na wazee wengi waliokaa naye mezani walikumbuka ulipokuwa umefungwa. Msome ukijua hilo.

Pili, jua vyeo vya humo. Diwani alichaguliwa na wapiga kura kwa miaka mitatu. Alderman alichaguliwa na madiwani wenyewe kwa miaka sita, na nafasi hiyo ilidumu sehemu nyingi hadi mageuzi ya 1974. Ukiona jina linatoweka kwenye matokeo ya uchaguzi, usidhani amestaafu. Huenda amepanda kuwa alderman, na hagombei tena.

Tatu, soma tarehe zenyewe, zina habari. Angela alikuwa mmoja wa wasimamizi wa sheria ya maskini, yaani wajumbe wa bodi zilizosimamia misaada kwa maskini, 1928 hadi 1930. Kwa nini 1930? Kwa sababu bodi hizo zilivunjwa mwaka huo na kazi zao zikahamia kwenye halmashauri. Hakujiuzulu, bodi yenyewe iliondoka. Alikuwa diwani wa manispaa ya Kensington 1929 hadi 1935, na wa London County Council, akiwakilisha South Kensington, 1936 hadi 1946. Uchaguzi mkuu wa London ulikuwa 1934 na 1937, hivyo aliyeingia 1936 ameingia kwa uchaguzi mdogo: tafuta magazeti ya wiki hizo. Na kukaa hadi 1946 bila uchaguzi katikati ya vita kunaeleweka, maana uchaguzi ulisimamishwa. Tena tangu 1934 London ilikuwa chini ya chama cha Labour cha Herbert Morrison, wakati South Kensington ilikuwa ngome ya wapinzani wake. Kwa hiyo miaka yake yote kumi kwenye kaunti aliketi upande wa wachache. Hayo yote umeyapata kabla hujafungua kitabu kimoja cha mihtasari.

Sasa mihtasari. Ya manispaa na kaunti ilichapwa na kujalidiwa kwa mwaka, vitabu vizito vyenye faharasa nyuma. Usisome kuanzia ukurasa wa kwanza. Tafuta kwanza orodha ya kamati za mwaka, uone aliwekwa wapi. Kamati ya fedha? Ya barabara? Au ile ya uzazi na ustawi wa watoto, iliyotokana na sheria ya 1918? Wanawake wengi walisukumiwa kwenye hiyo ya mwisho kwa sababu wanaume waliiona ndogo. Haikuwa ndogo. Uingereza ya mwanzo wa miaka ya 1930 ilikuwa inapoteza karibu akina mama wanne kwa kila vizazi 1,000, na kiwango hicho kilikuwa hakijashuka kwa miongo. Homa ya uzazi ilikuwa inaua, na dawa ya kwanza ya kuitibu vizuri, Prontosil, ilijaribiwa na Leonard Colebrook kwenye hospitali ya Queen Charlotte's, London, 1936 tu. Mimi niliyefanya kazi wodi ya wazazi nasoma takwimu hizo na mikono inanikumbuka. Diwani aliyewahi kusafisha kidonda kilichooza mwaka 1917 hakuhitaji kuelezwa usaha ni nini.

Kwa hiyo pata pia ripoti za kila mwaka za daktari mkuu wa afya wa manispaa. Za London zimepigwa picha na Wellcome Collection, maktaba ya historia ya tiba, na zinasomeka bure. Chukua ripoti ya Kensington ya mwaka mmoja wa udiwani wa Angela na uiweke kando ya mihtasari ya mwaka huohuo. Kensington ilikuwa na sura mbili: kusini matajiri, kaskazini, hasa Notting Dale, vyumba vilivyojaa watu na vifo vingi vya watoto. Soma idadi ya vifo vya watoto wachanga, soma ziara za wauguzi wa majumbani, soma maziwa, halafu rudi kwenye mihtasari uone kamati iliamua nini mwezi uliofuata. Angalia pia kuanzia Julai 1930, wizara ya afya ilipotoa waraka namba 153 ulioruhusu kliniki za halmashauri kutoa ushauri wa uzazi wa mpango kwa wanawake walioolewa ambao ujauzito ungewadhuru. Halmashauri nyingine ziliukalia waraka huo. Namna kamati ya mtu wako ilivyoupokea itakuambia mengi kuhusu waliokaa ndani yake.

Mihtasari ina kasoro moja kubwa: inaandika uamuzi, haiandiki ubishi. “Imeamuliwa kwamba” na basi. Nani alisimama, nani alimkatiza, nani alipigia kura upande gani, hayo yako kwenye gazeti la mtaa, ambalo lilimtuma mwandishi kila kikao. Magazeti mengi yako kwenye British Newspaper Archive, na maktaba nyingi za Uingereza zinakuruhusu kuingia bila kulipa ukiwa ndani ya jengo. Tafuta kwa cheo na jina la kamati pamoja, siyo kwa jina lake peke yake, la sivyo utazama kwenye habari za maonyesho ya maua aliyoyafungua. Maonyesho ya maua yaache. Soma pale aliposema kitu kuhusu chumba chenye unyevu.

Vita vya pili

Wanawake hawa wengi walirudi kazini 1939, safari hii kama viongozi. Angela alikuwa naibu mwenyekiti wa shirika la pamoja la Msalaba Mwekundu na St John, lililopeleka vifurushi vya chakula takriban milioni 20 kwa mateka wa vita, na baadaye, 1965 hadi 1973, aliongoza tume ya kudumu ya Msalaba Mwekundu wa kimataifa. Kwa wa ngazi hiyo utahitaji hifadhi ya nyaraka ya British Red Cross. Kwa mwanamke wa kijijini aliyesimamia kituo cha damu au hospitali ya akiba kwenye jumba la mumewe, karatasi ziko kwenye hifadhi ya kaunti, mara nyingi ndani ya makabrasha ya shamba la familia, katikati ya hesabu za kondoo na kodi za wapangaji. Omba katalogi ya makabrasha ya ukoo wa mume, usiombe kwa jina lake.

Siku ya kwenda

Andika barua pepe kabla, taja namba za nyaraka unazotaka, uliza kama zimehifadhiwa mbali, maana nyingine huletwa baada ya siku kadhaa. Nyaraka za London County Council ziko The London Archives, Clerkenwell. Za Kensington uliza maktaba kuu ya huko. Chukua kitambulisho chenye anwani. Penseli tu, kalamu ya wino hairuhusiwi. Piga picha kila ukurasa ukianza na jalada lenye namba, ili usije ukawa na picha mia moja usizojua zimetoka kitabu gani.

Ukibahatika kukuta daftari la kumbukumbu la wodi, lile ambalo askari waliandika mashairi na kuchora, likague kwa utaratibu. Kila askari aliandika jina, kikosi na mara nyingi tarehe. Zipange tarehe hizo, utapata miezi nesi huyo aliyokuwa kwenye wodi, hata kama kadi yake haisemi. Niliwahi kushika moja ambalo ukurasa mmoja ulikuwa na alama ya kikombe cha chai na chini yake askari amechora msalaba wa aproni kwa penseli nyekundu, akaandika kuwa sista amekwenda kulala na chai imepoa. Tarehe ilikuwa hapo. Ilitosha kumweka nesi huyo kwenye zamu ya usiku mwezi huo.

Unapoandika

Mwite kwa jina alilokuwa nalo mwaka unaousimulia. Usimwite Lady Limerick akiwa na miaka 18 na ndoo ya uchafu mkononi. Mwite Angela Trotter. Nafasi kubwa ipe kazi. Mimi huwa naweka ndoa kwenye aya moja na kamati kwenye kurasa.

Lisilo na ushahidi liache. Familia zitakuambia alimuuguza mwana wa mfalme, au alizamishwa na nyambizi. Andika kwamba familia inasimulia hivyo, au usiandike.

Kama ana watoto au wajukuu walio hai, wasomeshe rasimu kabla ya kuitoa. Maisha ya wagonjwa waliotajwa kwa majina kwenye mafaili yafiche, hata kama wamekufa zamani. Hiyo siri ya wodi haina mwisho wa muda kwangu. Ndugu wakikupa tarehe tofauti na yako, waombe cheti au barua yenyewe, linganisha, sahihisha, kisha peleka nakala moja kwenye maktaba ya mtaa aliouwakilisha.